Chagua Kama ni Yako

Jumamosi, 29 Machi

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: nampenda baba kuliko mama. Nimeliandika na mkono haujakauka, kwa hivyo naendelea.

Mama hana ubaya. Lakini mama ni mtu wa maswali. Umekula? Mbona umechelewa? Mbona umenyamaza? Na mimi swali huniziba koo. Nikishapata jibu la maana, yeye ameshatoka kwenda kuanua nguo. Baba hanihoji. Baba huniita Nau, yaani baba yangu. Kwetu Wakamba mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, ndiyo nikaitwa Mwangangi, na ndiyo maana mwanaume mzima mwenye ndevu huingia hapa mtaani kwetu Satellite na kuniita mimi baba yake. Shuleni mimi ni yule wa dawati la nyuma ambaye mwalimu humwandika hayupo ilhali yupo. Nyumbani mimi ni Nau.

Baba ni fundi wa lifti. Kampuni yao hutunza lifti za majumba mengi ya mjini, na kila wiki hulala zamu siku tatu au nne, kwa sababu, asemavyo, watu hawachagui saa ya kukwama. Leo amerudi, akaketi kitandani mwangu na viatu vyake vya kazi.

"Nau, hizi kompyuta za gemu, zile za kuunganisha kipande kwa kipande. Unazielewa?"

Miaka miwili natazama video za watu wakiziunda kwenye simu ya mama. Bando likiisha, namalizia kichwani.

"Kidogo," nikasema.

"Basi niandikie orodha. Kila kitu kinachohitajika. Chagua kama ni yako."

Mama aliuliza mbona sijamaliza ugali. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na furaha.

Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nachagua prosesa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimefuta orodha mara nne. Ukitazama video unadhani kazi ni kuchukua kila kilicho kikubwa. Sivyo. Lazima ujue kompyuta itakaa wapi. Hii itakaa Satellite.

Kwa hivyo: pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, nimechukua imara kuliko inavyohitajika, maana stima ya huku hupepesa kama jicho lenye mchanga. Kasha, lenye vichujio vya vumbi mbele na chini, kwa sababu barabara yetu mvua ikiisha ni vumbi hadi kwenye sufuria. Feni, zile za polepole zisizovuma, kwa sababu mama hulala saa tatu na ukuta wetu ni mwembamba. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, nimechukua ile isiyoweza kutoa picha yenyewe, picha zote zitatoka kwenye kadi ya picha. Hilo limenipa nafasi ya kupata kadi nzuri zaidi. Hii sehemu ndiyo najivunia.

Baba yuko zamu. Nilimtumia orodha kwa simu ya mama, kisha nikafuta ujumbe, kwa sababu aliniambia tusimwambie mama kwanza.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zilifungwa jana. Leo baba amenipeleka mjini, barabara ya Luthuli kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, sisi wawili tu.

Duka liko ghorofa ya pili, ni upana wa godoro, na mwenyewe anaitwa Odero. Ni mtu wa kelele. Msichana wa kaunta, Maurine, alikuwa anakula mahindi na kuandika risiti kwa mkono huohuo.

"Mzee Kitavi! Huyu ndiye injinia?" Odero akasema. "Injinia, mbona umejificha nyuma ya babako? Kuja uonekane. Hapa hatuumi."

"Yeye huongea kwa orodha," baba akasema.

Odero akaisoma orodha, mdomo ukisogea. "Hii pawa saplai ni ya kuendesha posho mill. Nikuwekee ndogo?"

Nilikuwa nimejifunza sentensi njia nzima. "Stima ya kwetu si nzuri," nikasema. "Ndogo itaungua na iondoke na kadi."

Odero alimtazama Maurine. Maurine aliacha mahindi.

"Huyu anajua," Odero akasema. "Buda, huyu anajua kabisa! Maurine, huyu tutamwajiri, wewe urudi kwenu Ugunja."

"Nirudi, halafu nani akuhesabie waya?" Maurine akasema, na wote wakacheka, na baba akaweka mkono wake shingoni mwangu. Mkono ulikuwa na harufu ya grisi. Nilikaza mwili, mkono usije ukaondoka.

"Niandike ni ya nani?" Odero akauliza, kalamu juu.

Nilimtazama baba. Baba akacheka kidogo. "Ni ya Mwangangi."

Odero akaandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa: MWANGANGI WA KITAVI.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Hakuna stima. Baba zamu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama ameipata nakala ya orodha kwenye mfuko wa suruali yangu, ndani ya beseni. Nilimkuta ameitandaza mezani, anaikausha kwa pasi ya makaa iliyopoa.

"Feni. Kasha. Kadi. Kibodi. Hii ni nini, Mwangangi?"

"Ni ya shule."

"Shule gani wanafundisha feni?"

Hakuuliza tena, jambo ambalo si kawaida yake. Aliikunja vizuri, akanirudishia. Nikawaza: ndiyo maana siwezi kumwambia kitu. Ataniuliza fizikia nilipata nini. Namwona kama mtu anayesimama mlangoni kwangu na fimbo, hata akiwa na pasi.

Jumanne, 15 Aprili

NIMEIUNDA MIMI.

Odero alisema vitu vimefika vyote na mikono yake imejaa kazi, kama najua kuongea basi nijue kufunga skrubu. Jana na leo nimekaa kwenye kiti chake. Nimeshika prosesa kwa ncha za vidole. Nimepaka ule uji wake wa kijivu wa kupitisha joto, kidogo kama punje ya dengu. Nimepitisha waya zote nyuma, nikazifunga kwa vibano, zikalala kama nywele zilizosukwa. Ilipowaka mara ya kwanza feni hazikusikika. Maurine alisema, "Imekufa?" Nikamwambia weka mkono. Akaweka, akahisi upepo. "Wewe," akasema, "unaonekana bubu na kumbe una maajabu."

Kesho Odero atamalizia kuweka programu. Tarehe ishirini na nne natimiza miaka kumi na saba. Baba hajasema. Hahitaji kusema.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilikwenda dukani kuiangalia tu. Meza ilikuwa tupu.

"Si ni mama yako alikuja jana," Maurine akasema. "Odero alikuwa ameenda benki. Akaingia, 'Mimi ni Mama Mwangangi, nimekuja kuchukua mzigo wa Kitavi.' Mama msafi! Akaniuliza maswali mia, mpaka nikachoka. Dereva akabeba, wakaenda."

Maswali mia. Nilicheka peke yangu hadi chini ya ngazi.

Kwa hivyo baba alimwambia. Na mama, ambaye hufanya kazi za nyumba kwa akina Yvonne huko Kileleshwa siku tatu kwa wiki na hurudi miguu imevimba, alikodi gari, akapanda ngazi za Luthuli, akaibeba kompyuta yangu na kuificha. Nimetazama chini ya kitanda chao na nyuma ya kabati la vyombo. Haipo. Ameificha kwa akina Yvonne, naapa.

Wamenifanyia pamoja. Mama pia.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeosha vyombo bila kuambiwa. Nimechota maji mitungi sita, mifereji ilikuwa imekauka licha ya mvua yote hii. Nimemkanda mama miguu kwa maji ya chumvi.

"Umevunja nini?" akaniuliza.

"Sijavunja kitu."

"Umempa msichana mimba?"

"Mama!"

Akacheka mpaka akapiga mkono wa kiti. Sikujua kwamba mama akicheka hufunika jino la pembeni kwa ulimi. Miaka yote hii.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baba hakuja, zamu. Mama alimwekea paja la kuku. Tulizungumza, mimi na mama, karibu saa nzima, kuhusu babu Mwangangi ambaye simkumbuki, alivyoogopa bata. Nilijibu maswali yake yote. Hayakuwa magumu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Paja la kuku limetupwa.

Jumatano, 23 Aprili

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Nilikwenda Luthuli saa nne. Odero aliponiona akapiga kelele kabla sijafika mlangoni.

"Injinia! Mama yako atanimaliza! Amepiga simu mara tatu tangu asubuhi. Ati skrini ni nyeusi. Kwani hamna mikono huko kwenu?"

Nikajua papo hapo. Amechomeka waya wa skrini juu, kwenye ubao wa prosesa, badala ya chini kwenye kadi ya picha. Prosesa yangu haitoi picha. Mtu asiyejua atakosea tu. Nikamwona mama huko kwa akina Yvonne, anajaribu kuiwasha kwa siri, anaogopa ameiharibu.

"Yuko wapi?"

"Si ni Kileleshwa. Amenitumia jina la nyumba. Hujui ni wapi?"

"Ni kazini kwake," nikasema. "Ni ya kesho. Sipaswi kujua."

Odero akanielewa, uso ukamlainika. "Aah. Basi twende wote. Mimi nitamwita nje nimzungushe kwa maneno, wewe utarekebisha, utoke. Hatakuona."

Mlinzi wa getini alitupa kitabu tuandike. Odero akasema, "Kwa Mama Mwangangi." Mlinzi akasema, "Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto," bila kufikiria. Nilishangaa kidogo kwamba mfanyakazi wa nyumba anaitwa kwa jina lake getini, si kwa jina la mwajiri. Nikafurahi. Nikasema, huku wanamheshimu.

Ndani ya lifti palikuwa na kadi ya ukaguzi ndani ya plastiki, na chini yake sahihi ya baba, ile K yenye mkia. Tarehe nyingi, moja chini ya nyingine, kila wiki. Nikamwonyesha Odero kwa kidole.

"Huyo ni baba yangu."

"Mzee yuko kila mahali," Odero akasema.

Mwanamke aliyefungua alikuwa na kanga nzuri na simu sikioni. Nikajua huyu ndiye Mama Yvonne, nikainamisha kichwa. Nilichungulia jikoni nimwone mama. Jikoni palikuwa na msichana anayekata sukuma. Hakuwa mama.

"Ni sisi wa kompyuta," Odero akasema. "Ya Mwangangi."

"Ni yangu!" Mtoto alitoka mbio na soksi, akateleza, akashika ukuta. Miaka minane, tisa. "Mimi ndiye Mwangangi! Anko, haionyeshi kitu!"

Mwanamke akaondoa simu sikioni. "Huyo hajala tangu jana kwa ajili ya hiyo mashine. Ingieni tu."

Odero alinitazama. Mimi nilikuwa bado najumlisha vibaya. Akina Mwangangi ni wengi, nikajiambia. Ukienda Kitui ukiita Mwangangi sokoni utageuziwa shingo ishirini. Huyu ni mtoto wa Mama Yvonne, jina limegongana.

Kompyuta yangu ilikuwa sebuleni juu ya meza nyeupe. Hakukuwa na vumbi popote. Kwenye kona palikuwa na taa ya kijani ya mtambo unaoshika stima ikipotea. Nilipiga magoti, nikaingia chini ya meza, kwa sababu chini ya meza hakuna mtu wa kuongea naye. Vibano vyangu vilikuwa palepale. Waya ulikuwa juu, kama nilivyojua. Nikauchomoa, nikauchomeka chini.

"Imewaka! Imewaka!" mtoto akaruka. Miguu yake ilikuwa karibu na uso wangu. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidole.

Kisha sauti kutoka chumba cha ndani.

"Nau! Imewaka?"

Na mimi ndiye niliyejibu. Nikiwa chini ya meza, kwa mazoea ya miaka yote, nikasema, "Eeh, baba."

Tulijibu pamoja, mimi na mtoto. Mwanamke akacheka, akadhani namtania mwanawe.

Niliziona ndala kwanza. Kisha suruali ya kulalia, mchana, saa sita. Nikatoka chini ya meza. Baba alikuwa na kikombe cha mtoto mkononi, cha plastiki, chenye sungura. Alinitazama kwa muda ambao lifti hupanda ghorofa moja. Nilingoja aseme jina langu. Lolote kati ya mawili.

"Asante, fundi," akasema.

Odero aliniokoa. Alinishika mkono kama mtoto, akasema lazima tuwahi kazi nyingine, akakataa chai. Mtoto akanikimbilia mlangoni. "Anko, uje tena tucheze!" Ana masikio ya baba. Ni yangu pia, masikio hayo.

Sikutaka lifti. Tulishuka kwa ngazi. Ghorofa ya pili Odero akasimama.

"Walai sikujua. Mwangangi, walai..."

"Usiniite hivyo," nikasema.

Hakuongea tena mpaka mjini. Odero, ambaye huongea hata akinywa maji.

Alhamisi, 24 Aprili

Nina miaka kumi na saba.

Mama hakwenda kanisani maombi ya Alhamisi. Alipika chapati. Halafu akaleta kitu kilichofungwa kwa leso yake ya kichwa, akakiweka mapajani mwangu, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyewasha fataki.

Ilikuwa kibodi. Ya zamani, herufi zimefutika katikati. Alikuwa ameisugua kwa mswaki, ilinuka sabuni ya kipande.

"Yvonne alikuwa anatupa," akasema. "Nikakumbuka kwenye ile karatasi yako niliona kibodi. Nikamwuliza, hii ndiyo kibodi? Akasema ndiyo. Sijui kama ni ya aina ile. Hizo zingine tutatafuta moja moja. Feni nimeshamwambia pia."

Alikuwa ameisoma orodha yote siku ile. Aliikariri.

"Ni yenyewe?" akauliza.

"Ni yenyewe, mama."

Nilikwenda msalani nikafungua mfereji ili asisikie. Mfereji haukuwa na maji.

Ijumaa, 25 Aprili

Baba amekuja. Alinisubiri nje, chini ya paa la duka la makaa, mvua ikinyesha. Hakutaka tuongelee ndani.

"Nau."

Sikuitika.

"Mwangangi. Wewe sasa ni mtu mzima."

Sijawahi kumwuliza baba swali maishani. Nikamwuliza. "Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na anaitwa Mwangangi."

"Kila nyumba lazima imtaje babu. Ndiyo desturi, unajua. Ningemnyima?" Alisema karibu kwa fahari, kama mtu aliyefanya jambo la haki. Kila nyumba. Mimi nilijua nyumba moja.

"Uliniambia kompyuta ni yangu."

"Nilikuambia chagua kama ni yako." Akalitamka lile neno kama polepole, akaliacha kidogo mdomoni. "Odero akaniuliza ni ya nani, nikasema ya Mwangangi. Sijakudanganya, Nau. Fikiria vizuri. Hakuna siku nimekudanganya."

Nimefikiria. Ni kweli. Nimerudi nyuma kwenye kurasa hizi, nimeyasoma maneno yake moja moja, na hakuna la uongo. Neno kama lilikuwa hapo tangu Machi na mimi nililiruka, kwa sababu nilitaka.

"Uliniita fundi."

Akatazama viatu. "Ningesema nini, mbele ya mtoto?"

Mtoto. Nilisimama pale nikijiuliza, basi mimi ni nani.

"Tutaunda nyingine," akasema. "Nzuri kuliko ile. Andika orodha upya, unitumie kabla ya Jumapili. Chagua unachotaka, hii ni yako, nimesema yako. Lakini mama yako... Haya ni mambo ya wanaume. Unanielewa?"

Mkono wake ulikuja shingoni mwangu, na nitaandika ukweli hata kama unaniaibisha: nilikaza mwili, mkono usije ukaondoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeandika orodha.

Ndiyo. Nimekaa asubuhi nzima na nimeandika. Prosesa kubwa. Kadi kubwa. Kila nilipoandika kitu kilikuwa kizuri, na nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kabisa, nikijiambia kwamba mama hajui, na asichokijua hakimuumi, na miaka tisa amekaa hivyo na yuko salama. Nilikuwa ninaongea kama baba. Hata ile kasi yake ya kumeza neno la mwisho.

Nilipofika kwenye kibodi sikuandika kitu, kwa sababu kibodi ninayo.

Nikakaa. Nikakaa sana. Sijaituma.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imepungua. Kesho shule zinafunguliwa.

Baada ya kanisa baba alisema amepigiwa simu, lifti imekwama Parklands, atalala huko mpaka Jumatano. Mama aliacha chakula chake kikipoa. Alimpigia pasi ovaroli. Akamjazia chupa ya chai, akafunga mihogo miwili kwa gazeti, akasema huko usiku kuna baridi na hao watu hawakupi hata kiti. Alikaza kifuniko cha chupa kwa mikono yote miwili, ikapiga ukelele. Nikaiona ile chupa juu ya meza nyeupe. Nikawaza ni mara ngapi. Kila wiki, miaka tisa. Ni nani huinywa? Au huimwaga kwenye ngazi kabla ya kubisha?

Baba alipita mlangoni kwangu. "Orodha?"

"Bado."

"Nitumie leo." Akaondoka na chupa.

Mama alisimama dirishani mpaka alipokata kona. Halafu akaanza kula chakula kilichopoa. Nikataka kumwambia. Nilifika hadi kwenye kiti, nikashika mgongo wa kiti. Aliniuliza, "Ni nini, mwanangu?" na nikauachia mgongo wa kiti. Nikarudi huku.

Nimekuwa nikiandika tangu saa tisa. Ile orodha mpya nimeifuta, si kwa ujasiri, ni kwa sababu ilikuwa upande wa pili wa ukurasa huu na nilihitaji nafasi. Kuongea sijui. Kuandika najua. Mama aliachia darasa la saba, Kiingereza humshinda, lakini Kiswahili husoma vizuri, husoma hata maandishi madogo ya dawa. Ningekuwa nataka kumficha ningeandika kwa Kiingereza tangu ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza. Hata ule utakuwepo. Na asome, mama. Yale ya Machi yalikuwa kweli. Sasa si kweli.

Anaosha sahani. Amefunga mfereji. Anapangusa mikono, namsikia anaita kama nitakunywa chai. Sijajibu, kwa hivyo anakuja kuuliza. Ni yeye, ule mguu wa kulia huburuta kidogo jioni. Amefika kwenye kabati.

Anabisha. Nimesema ingia. Sijafunika daftari